Deni la Aliyenusurika

Swali la mtu aliyetoka hai mahali walipofia wenzake ni la kale, na linaweza kuelezwa kwa maneno machache: kwa nini yeye, na kwa kuwa ni yeye, anadaiwa nini na Mungu, na wafu, na jamii inayompokea? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa mtu wa aina moja, yaani mateka aliyenusurika, kwa sababu hali yake ina jambo ambalo halimo katika hali ya aliyenusurika mafuriko au ajali ya basi. Mateka, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu anayeshikiliwa ili uhai wake utumike kumshurutisha mtu mwingine, iwe ni serikali, familia au umma. Hatakiwi kwa ajili yake mwenyewe, anatakiwa kwa ajili ya kile ambacho wengine watakitoa au watakiogopa kwa sababu yake. Abiria wa ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyotekwa tarehe 26 Februari 1982 ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, kisha ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi uwanja wa Stansted nchini Uingereza, hawakuwa na ugomvi wowote na watekaji. Uhai wao uliwekwa rehani ili Mwalimu Nyerere ang'oke madarakani. Mtu aliyewekwa rehani amekwisha kugeuzwa kifaa, na hoja itakayotetewa hapa ni kwamba hatari kubwa ya kiroho inayomkabili baada ya kuachiwa ni kugeuzwa kifaa mara ya pili, safari hii na watu wanaompenda.

Tukio la Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya, linalionyesha swali hili kwa ukali wake wote. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo Wakristo wengi walikuwa wakiadhimisha Alhamisi Kuu, watu wanne wa kundi la Al-Shabaab waliingia chuoni kwa risasi, wakawashambulia wanafunzi waliokuwa katika sala ya asubuhi, kisha wakajifungia bwenini pamoja na wanafunzi waliowashika huku vikosi vya usalama vikiwazingira kutwa nzima. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Washambuliaji waliwatenga Wakristo na Waislamu, kwa hiyo wapo waliookolewa na dini yao. Lakini wengi wa waliobaki hai hawakuwa na kitu chochote kinachostahili kuitwa sababu. Mmoja alijificha kabatini akatolewa humo baada ya siku mbili, wengine walijipaka damu ya wenzao wakalala kama maiti, na wengine walikuwa tu katika vyumba ambavyo wauaji hawakuvifikia. Kwa Watanzania tukio hilo si la mbali, kwani katika watu watatu waliotiwa hatiani na mahakama ya Nairobi mwaka 2019, aliyehukumiwa kifungo cha maisha alikuwa Mtanzania.

Siku tatu baada ya mauaji hayo ilikuwa Jumapili ya Pasaka, na hapa ndipo ugumu wa kidini unapoanza. Katika kata ya Kizwite mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa, kama ilivyo katika uwanda wote wa Ufipa na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kikristo, mtu aliyepona hatari hutarajiwa kushukuru hadharani: Wakatoliki humwombea misa ya shukrani na jumuiya ndogondogo hukusanyika nyumbani kwake, na katika makanisa ya kilokole husimamishwa mbele, akapewa kipaza sauti, akatoa ushuhuda, yaani maelezo ya wazi ya jinsi Mungu alivyomtendea. Desturi hii ina uzuri wake, na hakuna anayepaswa kuidharau, kwa sababu inamrudisha mtu katikati ya watu wake na kumpa mahali pa kulia bila aibu. Tatizo liko katika sentensi moja ambayo ushuhuda huo haukosi, kwamba Mungu alimwokoa kwa kuwa ana kusudi naye. Mama wa binti aliyekufa katika bweni lilelile, akiwa ameketi benchi la tatu, anasikia sentensi hiyo kwa masikio tofauti kabisa, maana kama uhai wa huyu una kusudi lililomfanya Mungu azuie risasi, basi kifo cha mwanawe kinatangazwa kanisani kuwa ni kukosekana kwa kusudi hilo. Mshuhudiaji hakukusudia kusema hivyo. Mantiki ya maneno yake ndiyo inayosema.

Ni vema kutofautisha shukrani mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa. Ya kwanza ni shukrani inayopokea: mtu anafurahi kwamba yu hai, anajua hakujipa uhai huo mwenyewe, na anamwelekea Mungu bila kudai kuzijua siri zake. Ya pili ni shukrani inayofafanua, ambayo haishukuru tu, inatoa pia nadharia ya kwa nini huyu alibaki na yule akaondoka. Injili ya Luka, katika sura ya 13, inaonyesha Yesu akiikataa nadharia ya namna hiyo kutoka upande wa pili. Akiwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anawauliza wasikilizaji kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na jibu lake ni kwamba sivyo. Wahubiri huipenda sehemu hiyo kwa ajili ya onyo la kutubu linalofuata, lakini mara chache huutazama ubavu wake wa pili: ikiwa waliokufa hawakufa kwa ubaya wao, basi na waliopita karibu na mnara ule dakika chache kabla hawakupona kwa wema wao.

Kitabu cha Ayubu kina walionusurika ambao wafafanuzi wengi huwapita haraka. Katika sura ya kwanza wanakuja wajumbe wanne, mmoja baada ya mwingine kabla mwenzake hajamaliza kusema, na kila mmoja anaeleza maafa fulani, kama uvamizi wa Waseba au upepo ulioiangusha nyumba, kisha anamalizia kwa kusema kwamba ni yeye peke yake aliyepona ili alete habari. Hakuna anayetajwa jina. Hakuna anayeulizwa amelalaje usiku ule. Wakishatoa habari wanatoweka kabisa katika kitabu chenye sura 42, na mjadala mrefu wa haki ya Mungu unaendelea kwa habari walizozileta wao bila wao wenyewe kukumbukwa tena. Mwandishi wa kitabu hicho alikuwa na shughuli nyingine, naye asilaumiwe. Lakini jamii inayomwita aliyenusurika aeleze yaliyompata, ikachukua maelezo yake kwa ajili ya imani yake yenyewe kisha ikamsahau, inamfanya kuwa mjumbe wa tano.

Ufafanuzi wa aina hii haupatikani kanisani peke yake. Katika Ufipa, na kwa kweli katika Tanzania nzima, kuna ufafanuzi wa pili unaonong'onwa nje ya kanisa wakati wa kwanza unatangazwa ndani, nao ni wa mkono wa mtu, yaani imani kwamba msiba mkubwa hauji bila binadamu aliyeukusudia. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika juu ya Kamchape, vuguvugu la kuwafichua na kuwasafisha wachawi lililopita kijiji kwa kijiji na kuahidi kuumaliza ubaya kwa kumtambua mwenye ubaya. Katika mtazamo huu, anayetoka peke yake mahali walipokufa wengi anatazamwa kwa jicho la shaka: ana kinga gani, na je, hakuwatoa kafara wenzake? Mchungaji au padri atashtuka kusikia kwamba ushuhuda wa madhabahuni na umbeya wa kilabuni vina umbo moja, lakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa vyote viwili vinakataa kwamba kubaki hai kunaweza kukosa maana inayosomeka, na vyote viwili vinamfanya aliyenusurika kuwa barua ambamo watu wengine wanasoma habari zao.

Fundisho la Kiislamu la ajali, kwa maana ya muda wa kuishi uliokwisha kukadiriwa kwa kila nafsi, linaonekana kulikwepa shimo hilo kwa ustadi zaidi. Anaposema Mwislamu kwamba siku za fulani zilikuwa hazijafika, hasemi lolote kuhusu ubora wa fulani wala upungufu wa marehemu. Anasema tu kwamba kalenda haiko mikononi mwa mwenye bunduki, na kwa mtu aliyekaa saa nyingi akiamini kuwa mwenye bunduki ndiye mwenye kauli ya mwisho, neno hilo lina tiba ndani yake. Hata hivyo fundisho hilo nalo huwa zito likitamkwa mapema mno. Aliyefiwa anaweza kulipokea. Aliyenusurika, ambaye labda alimwachia mkono rafiki yake katika ngazi za bweni, anaweza kulisikia kama amri ya kunyamaza.

Kuachia mkono ndiko kunakoleta jambo ambalo wataalamu wa saikolojia huliita hatia ya kunusurika, yaani hisia ya kuwa mkosaji kwa sababu tu ya kubaki hai. Daktari wa akili William Niederland aliieleza katika miaka ya 1960 baada ya kuwatibu watu waliotoka katika kambi za Wanazi. Primo Levi, Mwitaliano aliyetoka hai Auschwitz, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1986, akashikilia kwamba walionusurika si mashahidi kamili, kwa kuwa waliouona mwisho wa jambo lenyewe hawakurudi kulisimulia. Kosa la kawaida ni kuichukua hisia hii kama dhambi inayohitaji maungamo, au kuifuta kwa kumwambia mhusika kwamba hana kosa lolote na asahau. Maungamo hayaifai, kwa sababu hakuna tendo la kuungamwa. Usahaulifu nao haufai, kwa sababu kilichovaa sura ya hatia mara nyingi ni uaminifu kwa wafu, kukataa kukubali kwamba hesabu ya dunia imefungwa vizuri bila wao. Anayemwambia aliyenusurika aache kujilaumu anasema kweli, lakini inambidi asimnyang'anye uaminifu huo kwa pupa ya kumfariji. Wala majina ya kitaalamu hayapaswi kuchukuliwa kama hukumu. Baada ya wizi wa benki mjini Stockholm mwezi Agosti 1973, ambapo wafanyakazi wanne walishikiliwa kwa siku sita na wakaonekana kuwaamini watekaji kuliko polisi, kulizuka istilahi inayoueleza uhusiano huo kama ugonjwa. Mmoja wa mateka hao aliikataa kwa miaka mingi, akidai kwamba aliyafanya yale ambayo mtu mwenye akili timamu angeyafanya ili asife. Hoja yake ina nguvu kuliko istilahi.

Kisa kilicho karibu zaidi na Rukwa kilitokea katika ziwa lilelile ambalo barabara ya kutoka Sumbawanga hulifikia Kasanga. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wa chama cha waasi cha PRP, kilichoongozwa na Laurent Kabila, walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire ya wakati huo, wakaingia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe mkoani Kigoma, wakawachukua wanafunzi wanne, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi. Wafanyakazi Watanzania waliotishwa ili waonyeshe waliko wageni hawakuonyesha, na mmoja alipigwa. Waasi walidai fedha, silaha na kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wamefungwa Tanzania. Serikali ya Nyerere haikukubali kununua uhai wa mtu kwa masharti ya mtekaji, na familia za mateka zikatafuta fedha zenyewe. Mmoja aliachiwa baada ya siku chache ili apeleke barua za madai, wawili walifuata mwishoni mwa Juni, na wa mwisho alibaki upande wa pili wa ziwa hadi Julai.

Mpangilio huo wa kuachiwa una somo la falsafa ndani yake. Yule wa kwanza aliwekwa huru kwa sharti la kusema. Alikuwa mjumbe kwa maana halisi, na uhuru wake ulikuwa sehemu ya mashine iliyowashikilia watatu waliobaki. Fedha zilizowatoa waliofuata ziliingia mikononi mwa kundi la waasi, na hakuna anayeweza kuamini kwamba zilinunua vitabu. Basi je, aliyekombolewa ana sehemu katika kila risasi iliyonunuliwa kwa bei yake? Jibu linalotolewa hapa ni hapana, na sababu yake haimo katika huruma, imo katika maana ya mateka iliyotolewa mwanzoni: uamuzi wa kumteka ulikuwa wa mtekaji, uamuzi wa kulipa au kukataa ulikuwa wa walioombwa, na mtu pekee ambaye hakuwa na uamuzi wowote ni yule ambaye bei ilikuwa yake. Nyerere alikuwa na hoja ya dola, kwamba kila fidia inaalika utekaji mwingine. Wazazi walikuwa na hoja ya wazazi. Na hoja hizo mbili zinaweza kugombana mpaka mwisho wa dunia bila kumgusa kijana aliyekuwa amekaa msituni akisubiri.

Ukristo wenyewe ulikwama mahali hapa karne nyingi zilizopita. Kwa kuwa Injili inamtaja Kristo kama fidia, yaani malipo ya kumtoa mateka, ilibidi kuuliza fidia hiyo alilipwa nani. Origen, mwanateolojia wa Misri wa karne ya 3, aliona kwamba alilipwa Ibilisi, aliyekuwa amewashika wanadamu. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, aliona ni fedheha kufikiri kwamba mnyang'anyi anaweza kulipwa kwa damu ya Mwana wa Mungu. Naye Anselm wa Canterbury, karibu na mwaka 1098, alimnyima Ibilisi haki yoyote ya kudai. Pamoja na ugomvi wao, hakuna kati yao aliyefundisha kwamba mateka aliyetolewa hubaki na deni kwa mtekaji, wala kwamba thamani yake ni ile bei iliyotajwa.

Wakazi wa Rukwa wana mfano wao wenyewe wa mtu aliyekombolewa kwa fedha, na ndio mfano unaoipinga hoja ya insha hii kwa nguvu kuliko yote. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu katika miaka ya 1860, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama mtumwa, akanunuliwa na Wamisionari wa Afrika, ambao huitwa pia Mapadri Weupe, nchini Algeria. Shirika hilo, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, lilimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo pamo katika Mkoa wa Katavi. Alioa huko, akatibu na kufundisha dini hadi alipokufa mwaka 1956, na hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Nani atakataa kwamba hapa kuna kusudi? Mtoto aliyeibwa jangwani amewatibu watu wa Ufipa na mwambao wa ziwa kwa miaka zaidi ya 60, na msafara wa watumwa umezaa hospitali.

Hoja hiyo ni nzuri mno, na uzuri wake ndio unaopaswa kuwatia watu shaka. Anayesema kwamba Atiman aliibwa ili Karema ipate daktari analazimika kusema pia watoto waliokufa kwa kiu katika njia zilezile waliibwa ili nini, na mama aliyebaki kando ya Mto Niger alilizwa kwa kusudi gani. Kilichotokea kinaweza kusemwa kwa namna nyingine isiyompunguzia Mungu utukufu wala Atiman heshima: uhalifu ulitendeka, haukuwa na maana, na mtu mmoja aliyetoka ndani yake aliutumia uhai wake kwa namna ambayo uhalifu huo haukuitarajia. Kusudi halikuwamo katika kutekwa. Lilikuja baadaye, taratibu, katika maamuzi ya mtu aliyekwisha kuwa huru, na ndiyo maana ni lake. Hata kama angeishi Karema kama mvuvi asiyejulikana, akafa bila kumtibu mtu yeyote, kukombolewa kwake kungekuwa halali vilevile. Wamisionari waliowanunua watoto, pamoja na lawama walizotupiwa kwamba fedha zao ziliwanufaisha wachuuzi wa watu, hawakuweka sharti la kwamba kila mtoto aje awe daktari.

Inabaki shukrani yenye anwani ya kibinadamu, ambayo ushuhuda wa kawaida huiruka. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, nchini Kenya, lilisimamishwa na Al-Shabaab karibu na El Wak, na abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa, na baadhi yao waliwapa Wakristo mavazi yao ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Wakristo walioshuka hai katika basi lile wanaweza kumshukuru Mungu kwa haki, lakini shukrani itakayopanda mbinguni bila kupita kwa jirani Mwislamu itakuwa imeiba sehemu ya mtu. Hapa, tofauti na Garissa, kwa nini ya kunusurika inajulikana, na jibu lake lina jina na kaburi.

Kwa hiyo aliyenusurika hadaiwi ushuhuda, hadaiwi mafanikio, wala hadaiwi furaha ya kudumu ya kuthibitisha kwamba Mungu hakukosea. Kama kuna deni, liko upande wa waliompokea, nalo ni la mambo ya kawaida kabisa: kumsindikiza hospitali usingizi unapokataa, kutomshangaa anaposhtuka mlango ukibamizwa, kuwataja wafu kwa majina katika ibada ileile inayomshukuru Mungu kwa ajili yake, na kumnyamazisha mtu yeyote anayeuliza alikuwa na kinga gani. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kila kitu kwa kufungua vinywa vyao, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Wazee wa makanisa na viongozi wa jumuiya za Kizwite na kwingineko wanaombwa wafanye angalau hilo: wakae kwanza, kisha wamwulize mwenyewe anataka nini, na akijibu kwamba hataki kusimama mbele ya watu, jambo hilo liishie hapo na kipaza sauti kirudishwe mahali pake.